Rangi Kwenye Ukingo wa Gurudumu

Baba yangu aliendesha treni ya reli ya kati mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakunisifu hata siku moja. Nalisema mapema ili ujue nilikuwa na kidonda. Mie ni fundi cherehani hapa Gongo la Mboto. Mtaa mzima unaniita fundi, hata muuza mkaa. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akiniita "wewe".

Alipopata kiharusi nilimleta kwangu. Nikawa namwogesha, namlisha uji, namkanda mkono wa kushoto uliokuwa umelegea. Halafu kila Jumamosi anatokea shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, kutoka Vingunguti, anakaa saa mbili tu, baba anacheka mpaka machozi. Sie Wazaramo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Anaweza kumwambia baba maneno ambayo ningeyasema mie ningelaaniwa.

Treni aliileta yeye. Ilikuwa ya kuchezea, ya mtumba: kichwa kimoja, mabehewa manne, reli za kuunganisha, na kiboksi chenye kitufe cha kuzungusha. Ukizungusha kitufe, umeme unapita kwenye reli, unapanda kwenye magurudumu ya kichwa, treni inatembea. Shemeji alisema kitufe kile kitaufanyisha mazoezi mkono mgonjwa. Na kweli, wiki ya tatu vidole vya baba vikaanza kukizungusha. Mkono ule niliukanda mie miezi minne! Sifa kapewa nani? Mtani.

Jumamosi moja baba aliyatazama magurudumu akakunja uso. "Yanang'aa kama viatu vya bwana harusi. Gurudumu la treni lina kutu na grisi." Shemeji akatafuta brashi, akapaka gurudumu moja la behewa rangi ya kahawia, ubavuni tu. Akatuonya: "Ukingo unaokanyaga reli msiuguse, hasa wa kichwa. Ukipakwa rangi, umeme haupiti." Baba akalipokea lile gurudumu, akaligeuza.

"Mtani, wewe fundi."

Yarabi! Neno langu, nyumbani kwangu, anapewa mtu ambaye mkono wake ulivuka mstari mara mbili. Niliona kwa macho yangu. Wivu ulinila, sifichi.

Kesho yake niliacha magauni ya watu ya harusi, nikatengeneza mtambo wangu. Kwenye cherehani kuna kichuma kinachozungusha bobini unapojaza uzi. Nikakivika kipande cha mrija wa kalamu, nikachomeka humo ncha ya ekseli, kile kichuma kinachoshika magurudumu. Kibrashi changu cha wanja nikakibana kwa kibanio cha nguo, na kibanio nikakipigilia kwenye ubao. Basi, mkono mmoja unazungusha cherehani taratibu, brashi imetulia, gurudumu linajipaka lenyewe. Rangi ilikuwa ya kucha, ya kahawia, inakauka upesi. Duara lilitoka safi, mshono wangu wenyewe haujawahi kunyooka vile.

Nikamaliza mabehewa yote, nikampelekea baba. Akatazama gurudumu moja tu.

"Si haba," akasema. "Kichwa mwachieni mtani."

Shemeji akakipaka Jumamosi iliyofuata, kwa mkono, akipiga soga. Jumapili mchana ndugu walikuwa waje kumwona baba akiendesha. Asubuhi yake nikakichukua kile kichwa, nikakifungua magurudumu, nikayapeleka kwenye mtambo wangu, na nikapaka ukingo. Wote, mzunguko mzima. Nikajiambia ni utani tu, mtani huchukuliwa hata kuku wake. Nilitaka treni igome, watu wamcheke, baba aone fundi wake alivyo.

Ndugu wakajaa ukumbini. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akazungusha kitufe. Treni kimya. Akazungusha tena. Shemeji akachomoa waya, akachomeka upya. Kimya vilevile. Baba akautazama mkono wake.

"Umekufa tena," akasema.

Akaubeba kwa ule mzima, akaulaza mapajani, akaufunika kwa kikoi.

Wallahi hilo sikuliwaza. Nilimwaza shemeji tu, wiki nzima kichwani mwangu alikuwa shemeji. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba, mkono wako mzima. Ni mie. Nimepaka ukingo."

Shemeji akauachia waya. Mdogo wangu akageukia ukutani. Baba akanyoosha mkono wa kulia, akapewa kichwa cha treni. Akakisogeza karibu na macho, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa gurudumu, pole pole.

"Umepakaje humu bila kuchafua pembeni?"

"Kwa cherehani, baba."

Akayatazama magurudumu yote, moja moja, kama anakagua kabla ya safari.

"Hii ni kazi ya fundi," akasema.

Neno nililolingoja umri wangu wote, likaja siku ambayo sikuwa na uso wa kulipokea. Akanirudishia kichwa mkononi.

"Haya, ifute."

Nikaleta pamba na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Yeye akautoa mkono wa kushoto kwenye kikoi, akaushikisha kitufe, akangoja. Nami nikakaa chini mbele ya ndugu zangu, nikaifuta, gurudumu baada ya gurudumu, kazi pekee ambayo baba yangu amewahi kuisifu.