Kanga ya Doto

Kila asubuhi Mabula, fundi baiskeli wa jirani pale Segese, alimtania Generosa kutoka ng'ambo ya ua: "Mama Nyamizi, Doto kashanyonya?"

"Kanyonya, kalala. Punguza nyundo zako."

Doto hakuwa mtoto. Alikuwa chombo cheupe, kikubwa kama sanduku la nguo, kilichosimama uani kwa miguu ya chuma, dirisha lake likitazama juu. Nyamizi, binti yake Generosa, ndiye aliyemleta kutoka Ujerumani, alikomuunda na wenzake. Waliunda wawili, mapacha. Kulwa angepanda na setilaiti, Doto abaki chini, wote wakipokea mawimbi yasiyoonekana yatokayo kwenye mvuke, ozoni na gesi nyingine zilizomo kidogo kidogo hewani. Vipimo vyao vikilingana, Kulwa anaaminika.

Mama aliachiwa kazi moja tu: kumfuta vumbi la malori ya mgodini, kwa kitambaa kikavu.

Jumatano mchana simu ikalia, Nyamizi akipiga kutoka Ujerumani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umepoa hivyo?"

"Doto anaumwa, mama. Wiki nzima, ikifika mchana, anatutumia vipimo vinavyosema huko mvua kubwa inanyesha."

"Mvua ya wapi? Mahindi yamekauka, tuko kwenye novena, sala za siku tisa za kuomba mvua!"

"Ndiyo hivyo. Wakubwa wanasema tulikosea kuwaunda. Kesho tukikosa sababu, Kulwa hapandi. Miaka sita, mama."

Generosa akatazama uani. Doto alikuwa amefunikwa gubigubi kwa kanga iliyolowa chepechepe. Tangu jua lilipozidi ukali, kila saa sita alimfunika hivyo hadi alasiri, kama alivyokuwa akimfunika Nyamizi shambani. Hata pacha wa chuma, angemwachaje juani?

Wasomi wote wale watamcheka. Akafanya ishara ya msalaba.

"Nyamizi, ni mimi. Namfunika kanga yenye maji. Nilimwonea huruma."

Binti akaangua kicheko chenye machozi ndani yake.

"Mama! Basi anayaona maji ya kanga yako! Ni mzima! Mfunue, mfunue sasa hivi!"

Akaivuta kanga. Wakasubiri, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake.

"Imekatika! Mvua imekatika, mama!" Nyuma yake watu walikuwa wakipiga makofi.

Generosa akajifuta uso kwa pindo la kanga ile ile.

"Na jua hili?"

"Halimdhuru."

"Hata kofia asivae?"

"Hata kofia, mama."