Sahani za Kuwakaribisha Wazazi

Mimi nina mdomo. Alunguli nzima, mtaa wetu wa Kindu ng'ambo ya mto, inajua, na marehemu mume wangu alikuwa akisema alikwenda kuchimba Kampene si kwa ajili ya dhahabu, ila kupumzisha masikio. Basi msinitegemee nisimulie habari hii kwa sauti ya msibani. Niliona nilichoona, na pale nilipokasirika nitasema nilikasirika.

Binti yangu wa mwisho alikaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya sikio. Wakati ule wa Zaire, watoto wengi kwetu hawakuwa na karatasi ya kuzaliwa, kwa hiyo mwalimu alipitisha mkono wa mtoto juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la upande wa pili, umri umefika. Visipogusa, rudi kwa mama yako ukakue. Wangu alikuwa na mikono mifupi ya kwa baba yake, na kifua kibaya ambacho hadi leo sijui alikitoa kwa nani. Udongo ukilowa tu, kifua kinaanza kulia, na mimi ninakaa kitandani nimemwegemeza mwilini mwangu, ninahesabu pumzi zake. Mwaka uliofuata nilimfundisha kuinamisha kichwa kidogo, kidogo tu, mwalimu asione. Kidole kikafika. Nililia pale pale mbele ya watu, wala sikuona haya.

Lakini kuandikwa shuleni ni jambo moja, na kupata mahali pa kukaa ni jambo lingine. Kalasi ya kwanza ilikuwa na benchi kumi na mbili na watoto zaidi ya themanini. Waliobaki walikaa chini, kwenye simenti, na ile simenti wakati wa mvua ilitoka maji kama mtu anayetoka jasho. Tulitaka kuwapa watoto vigoda. Vigoda vilikatazwa. Direktere, mkuu wa shule, alisema havifanani, kimoja kirefu, kingine kifupi, na vinaharibu sura ya taifa. Maajabu! Mtoto kukaa kwenye maji hakukuharibu sura ya kitu chochote.

Huyo direktere hakuwa mtu wa kwetu. Chama kilimleta kutoka mbali, na alivaa abakosti yake, lile koti la Chama lisilo na tai, imefungwa hadi shingoni hata pale jua la Kindu linapopasua kichwa, na kifuani beji yenye sura ya Kiongozi. Sisi akina mama wote tulikuwa sitwayene kwake, yaani mwananchi, kama wanaume walivyokuwa sitwaye. Hata bibi wa miaka themanini aliyekuja kuuza mihogo mlangoni aliitwa sitwayene, naye akageuka nyuma kutafuta ni nani anayeitwa.

Mwezi wa tisa ule alirudi kutoka semina na wazo. Ijumaa alitukusanya uwanjani, sisi wazazi wa watoto wapya, baada ya akina mama wa animasyo kucheza na kuimba sifa za Chama mpaka vumbi likatuingia puani.

"Shule ya mukoloni ilipokea muzazi na fimbo," alisema. "Shule ya Chama njo inapokea muzazi na zawadi!"

Tulipiga makofi. Siku zile ulipiga makofi kwanza, maana ya maneno ulitafuta ukifika nyumbani.

Zawadi kweli ilikuwepo. Kila mzazi alipewa sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa kijani, na ndani konzi mbili za chumvi na kipande cha sabuni. Chumvi! Mwaka ule chumvi ilikuwa imepotea sokoni kabisa, na mimi nilitia kidole mle nikalamba mbele ya direktere. Nilimshukuru kwa moyo. Kisha akasema sahani ni mali ya shule, zirudi Jumatatu.

Hapo ndipo shida ilipoanza, na direktere, nasema kweli, siku ile hakuwa na kosa. Hakujua. Kwetu, jirani akikuletea kitu ndani ya sahani, unaiosha na unaweka chako ndani kabla ya kuirudisha. Hata limau mbili, hata pilipili. Ukiirudisha tupu umemwambia mwenyewe asikanyage tena kwako. Hilo hatufundishwi, tunakua nalo.

Jirani yangu nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinipita miaka michache. Mjane, anatwanga mpunga wa watu ili apate kula, na yeye pia alikuwa na binti katika kalasi ile ile. Watoto wetu walikwenda shule wameshikana mikono kila asubuhi. Tuliweka zile sahani mbili katikati yetu mkekani tukazitazama.

"Yaya, tunaweka nini mule ndani?"

"Hii si sahani ya muntu," alisema. "Hii njo sahani ya Serikali. Limau haiwezi."

Kumbe kila nyumba ilikuwa inasema vile vile. Jumatatu sahani zilirudi shuleni zimebeba muchele, samaki wakavu, karanga, mayai, chupa za mawese. Mama mmoja alileta kuku amefungwa miguu, amelazwa juu ya sahani kama mgonjwa. Nilimwona direktere amesimama barazani, mdomo wazi. Alidhani wazazi wa Alunguli wamewaka moto wa mapenzi ya Chama. Ripoti ikaandikwa, ikavuka mto kwenda kwa komiseri, mkubwa wa Serikali, na katika ripoti tukawa mfano wa kuigwa.

Basi Ijumaa ya pili zawadi ikarudi. Safari hii konzi moja ya chumvi, bila sabuni. Ijumaa ya tatu, chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Sahani zilivyozidi kuja kwetu nyepesi, ndivyo zilivyozidi kurudi shuleni nzito, maana akina mama walianza kutazamana. Nani aliweka nini? Nani alifunika na kitambaa ili tusione? Mke wa direktere alinenepa. Kuku walilia nyuma ya ofisi mpaka watoto wakashindwa kusikia somo. Na mwalimu wa kalasi ya kwanza akapewa amri: mtoto ambaye sahani ya kwao ni nzito, benchi. Mtoto ambaye sahani ya kwao ni nyepesi, chini.

Wangu alikuwa kwenye benchi. Nilipeleka muchele, nikapeleka karanga, nikapeleka ndizi. Baba yao huko Kampene hakuwa ametuma kitu tangu mvua za kwanza, na ndani ya nyumba tulikuwa tunakula sombe, majani ya mihogo, bila mafuta, lakini binti yangu alikaa pakavu. Kwangu hiyo ilitosha.

Ijumaa ya nne nililetewa sahani na ndani mna bendera ya karatasi. Bendera tu! Niliinua ile karatasi nione kama chumvi imejificha chini. Nikaigeuza. Nikaipapasa. Hakuna. Hasira ilinipanda. Niliosha sahani, nikaikausha vizuri, na Jumatatu niliirudisha tupu.

Yaya alinifuata hadi njiani. "Ndugu yangu, weka hata yai moja. Fikiria kifua ya mutoto."

"Aka! Nitoe yai kwa sababu ya karatasi?"

"Mimi natoa," alisema, akanionyesha. Alikuwa amemfunga kuku wake wa mwisho, yule anayetaga. Nilimwita mjinga. Akanipita na kuku wake kwapani.

Siku ile ile binti yangu aliteremshwa benchi. Mvua ilinyesha Jumatatu, ikanyesha Jumanne, na Jumatano alirudi nyumbani midomo imebadilika rangi. Hasira yote iliniisha. Niliogopa, na woga ule sijawahi kuupata tena maishani. Asubuhi nilibeba kikombe cha muchele, ndicho tulichobaki nacho, nikaenda kupiga magoti mbele ya direktere. Ndiyo, mimi huyu huyu, magoti. Hakukitazama hata kikombe.

"Sitwayene," alisema, "benchi iko ya watoto wa wazazi wanaopenda Chama. Sahani yako ilisema nini?"

Nilitoka pale nimechukua kikombe changu. Kumfungia mtoto nyumbani ningeweza, lakini mwaka ungepotea tena, na tulishapoteza mmoja kwa ajili ya sikio.

Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima, ya kufyeka majani ya uwanja, komiseri alivuka mto kuja kuona huo mfano wa kuigwa kwa macho yake. Sahani za Jumatatu zilipangwa mezani, zimejaa, zinang'aa mawese. Akina mama wa animasyo walicheza. Direktere alisoma ripoti, jasho linamtoka kwa furaha. Kisha akaomba mzazi mmoja asimame kushukuru, naye alikuwa amekwisha kumwandaa mama yule wa kuku. Mimi nikasimama kabla yake.

"Sitwaye Komiseri," nilisema, "mimi niko mama mujinga, sikusoma. Naomba kuuliza. Hii zawadi njo ya nani? Ya direktere ao ya Kiongozi?"

Komiseri alimtazama direktere. Direktere angesema nini? "Ya Kiongozi," alijibu.

"Basi mimi ninashangaa wenzangu hawa. Kiongozi amewapa zawadi, na wao wanamurudishia muchele! Wanamurudishia kuku! Ni kusema ile zawadi haikuwatosha? Ni kusema Kiongozi iko na njaa?"

Niliendelea, maana kurudi nyuma hakukuwepo tena.

"Mimi nilirudisha sahani tupu. Nilisema, baba akimupa mutoto wake, mutoto anakula, anashukuru, anaosha sahani. Kwa hiyo wamemukalisha binti yangu chini kwenye maji. Kama nilikosea kumwamini Kiongozi, munifunge leo."

Wallahi, nilidhani watanifunga. Niliona macho ya komiseri yanatembea kwenye meza, kutoka kuku hadi mayai. Sidhani aliniamini hata neno moja. Alikuwa mtu wa kwetu Maniema, mama yake pia alimlea na sahani za majirani. Lakini waandishi wake walikuwa pale wanaandika, na vijana wa Chama walikuwa pale wanasikiliza, na kila mmoja aliogopa kuwa wa mwisho kupiga makofi. Alisimama akapiga. Uwanja mzima ukalipuka. Mama wa kuku alipiga kwa nguvu kuliko wote. Direktere alipiga pia, uso wake umekuwa majivu, na mimi, Mungu anisamehe, niliutazama ule uso nikashiba.

"Huyu mama njo ameelewa," komiseri alitangaza. "Mutoto yake akae mbele, benchi ya kwanza. Leo hii!"

Ijumaa iliyofuata hakuna aliyepewa sahani, wala baada ya hapo. Vyakula vile vya mezani komiseri alivuka navyo mto, ili, alisema, vichunguzwe. Mwaka uliokuja zawadi ya wazazi wapya ilikuwa hotuba.

Jumatatu binti yangu alirudi nyumbani anaruka. Sketi yake ilikuwa kavu. Nilimshika nikamzungusha, nikamwambia aeleze kila kitu, benchi ikoje, alikaa na nani.

"Ilikuwa imejaa, mama," alisema. "Mwalimu alimutoa rafiki yangu, njo nikaingia. Anakaa chini, hapa, karibu na miguu yangu. Nilimupa nusu ya muhogo yangu."

Nilisimama. Nilipita uani hadi kwa yaya. Alikuwa anafua, na ndani ya beseni mlikuwa na sketi ndogo ya buluu, na maji yake yalikuwa ya kijivu, rangi ya simenti. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Ningependa kutukanwa.

"Uliongea muzuri Jumamosi," alisema bila kuinua kichwa. "Na mimi nilipiga makofi."

"Yaya, kesho nitaenda. Nitawaambia wamurudishe. Nitawaambia wabanane, wakae watano."

"Enda," alisema. Alikamua ile sketi akaianika kwenye kamba, akainyoosha mikunjo kwa viganja, polepole, kama vile sikuwepo.

Sikuenda. Kesho yake nilijiambia nitakwenda keshokutwa. Nilikuwa nimesema mbele ya komiseri, mbele ya vijana wa Chama, lakini mbele ya mwalimu mmoja mwenye hofu yake, kwa kuogopa mtoto wangu asirudishwe chini, sikupata maneno. Wiki ile mvua ilinyesha kila siku, na binti yangu hakukohoa hata mara moja.