Siku Sarajevo Ilipofurika Ruiru

Nakubali, hakuna mwalimu mwingine Ruiru nzima aliyewahi kumwogesha mkaguzi wa shule kwa maji ya maganda ya kahawa, kwa hivyo aibu hii ni yangu peke yangu, na naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia huko Thika ikiwa imetiwa chumvi.

Miaka hiyo ya hamsini shule yetu iliishia darasa la nne. Mtoto akimaliza, kama wazazi hawakuwa na pa kumpeleka, alifungwa kikapu kiunoni akaenda kuchuma kahawa. Tulikuwa tumeomba darasa la tano, na mkaguzi, Mzungu mmoja mpole, akatuma habari kwamba atakuja kusikiliza somo langu la jiografia ndipo aamue.

Mtu mwenye akili angefundisha habari za Maporomoko ya Chania, ambayo watoto wameyaona. Mimi nikachagua Sarajevo (niliisoma chuoni ikaniingia moyoni, mji mrefu wa ng'ambo uliolala bondeni, milima kila upande, msikiti na kanisa na sinagogi karibu karibu, kama kule Makongeni Waislamu na Wakristo wanavyoombana moto wa jikoni). Tukaufinyanga wote uwanjani kwa udongo mwekundu, milima, daraja, soko, na minara ya magunzi ya mahindi. Ulipendeza, nasema bila haya. Ila mto wake, Miljacka, ulikuwa mkavu, na mimi nikaona mto mkavu utatutia aibu, nikachimba njia ya maji kutoka mfereji uliopita juu ya uwanja.

Mfereji huo ulitoka kiwanda cha kahawa cha shamba la jirani, na ulikuwa msimu wa mavuno. Kila mtu Ruiru anajua kwamba msimu huo wakimaliza kuosha kahawa asubuhi wanafungua matangi maji machafu yashuke mferejini, na mimi nilijua vilevile, ila siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimejaa Waturuki waliojenga Sarajevo.

Mkaguzi nilimwekea kiti upande wa chini, aone bonde vizuri. Wanjiru, binti wa darasa la nne, akaeleza jinsi zamani gavana wa Kituruki alivyouanzisha mji kwa kujenga msikiti, daraja na soko, na jinsi Wayahudi waliofukuzwa Uhispania walivyokuja baadaye wakakaa. Kifua changu kilikuwa kimevimba mpaka vifungo vinalia. Ndipo maji yakaja, ya rangi ya matope, yananuka kama pombe iliyochacha, yakabeba daraja, yakabeba soko, yakabeba msikiti na kanisa bila ubaguzi, nami nikavua koti langu la pekee nikaruka kuziba, nikateleza, nikakaa kitako katikati ya Sarajevo, na maji yaliyonipita yakaingia viatuni mwa mkaguzi.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mkaguzi aliinua mguu mmoja, akanitazama pale nilipoketi, akamgeukia Wanjiru.

“Sasa mji wenu umekwisha?”

“Hapana, bwana. Watu wako mlimani. Wataanza na daraja.”

Akamuuliza ni watu wa dini gani watakaolijenga.

“Daraja ni moja tu, bwana,” Wanjiru akasema. “Watalijenga wote.”

Mkaguzi akacheka, akavua viatu, akarudi kwenye gari lake pekupeku. Darasa la tano tulilipata mwaka uliofuata. Mimi nimeapa sitatia tena maji katika jiografia, hata wakinituma kufundisha bahari. Lakini Wanjiru alikuwa mwanafunzi wangu, na hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote, hata nikiwa nanuka.