Mahali pa Besi

Kanisani kwetu Kangemi, mwanakwaya akifa, Jumapili ya kwanza baada ya mazishi sauti yake haiimbwi. Kama alikuwa wa soprano, soprano wote husimama wamefunga vinywa huku wengine wakiimba, na kinanda ndicho hubeba ile sauti inayokosekana, polepole, bila madoido. Sijui desturi hiyo ilianza lini. Waliotoka Magharibi na wale wa Ukambani kila mmoja hudai ni yao, nami sijawahi kuona haja ya kuamua ugomvi huo.

Baba alikuwa wa besi. Alipokufa, aliyekuwa kwenye kinanda ni mimi, binti yake. Wenzake wanne walisimama kimya, vitabu vimefungwa, na mkono wangu wa kushoto ukaimba mahali pake. Sikulia. Niliogopa kukosea, basi. Machozi yalikuja Jumatatu, kazini mjini, mbele ya mteja aliyekuwa akiulizia fomu, naye maskini akadhani amenikosea.

Rafiki yangu wa tangu shuleni alikuwepo kanisani siku hiyo. Hupiga gitaa, na hupenda roki ya aina ambayo mashabiki wake Nairobi nzima wanatosha kwenye ukumbi mmoja: nyimbo za huzuni za dakika kumi na nane, zinazobadilika mwendo kila ukizizoea, kinanda kikilia mbele na ngoma zikifuata. Nilimtania kwamba mtu anaweza kuchemsha githeri ikaiva kabla wimbo haujaisha. Lakini nilizipenda, kisirisiri, kwa sababu humo ndimo kinanda huwa mwenye nyumba.

Wiki chache baadaye alinipigia simu. Alikuwa anatengeneza albamu katika chumba cha ziada cha nyumba yake ya kupanga Hurlingham, kuta zote kazifunika kwa magodoro ili majirani wasimshtaki. Alitaka wimbo wa mwisho uwe ule tulioimba Jumapili ya baba.

"Siste, ile kitu ilinimaliza," aliniambia. "Wacha tuirekodi vile ilikuwa."

Nilikubali kwa sharti moja: mtu yeyote asiimbe besi. Gitaa lilie litakavyo, wale wengine waimbe, lakini huko chini pabaki kinanda peke yake. Akaniapia. "Hapo ni pa mzee. Hakuna mtu atagusa."

Nikawabembeleza wanakwaya, wakaja Jumamosi tatu mfululizo, wamevalia kama watu wa harusi. Hata wale wanne wa besi walikuja. Walisimama kando ya magodoro kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kufungua kinywa, kwa maana walisema kunyamaza kwao ni sehemu ya wimbo. Niliwaheshimu sana kwa hilo.

Miezi ikapita. Albamu ilizinduliwa Jumamosi alasiri katika ukumbi mdogo mjini, orofa ya tatu. Nilikuwa sijaisikia. Nilivaa gauni jipya, nikakaa mbele, na wimbo wetu ulipoanza, kinanda changu kikitoka kwenye spika kubwa namna ile, nilijivuna, sitaficha. Halafu ubeti wa tatu ukafika, na huko chini ikaingia sauti ya mwanamume. Nzito, tamu, imepigwa msasa. Nilimtambua papo hapo, tumeimba pamoja tangu utotoni. Alikuwa yeye mwenyewe, rafiki yangu, ameketi mahali pa baba.

Watu walisimama kushangilia. Mimi nilimvuta hadi kwenye ngazi.

"Uliniapia."

"Skiza kwanza. Pale palikuwa panabaki tupu, bana. Mtu hajui hiyo stori ataona tulikosea."

"Si ndiyo nilikuambia? Pabaki tupu!"

"Lakini si imetoka poa?"

Hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana ilikuwa imetoka poa. Nilihisi nimeuzwa, na aliyeniuza ndiye niliyekuwa nimemfungulia mlango. Nikamwambia aiondoe ile sauti, la sivyo asahau kwamba aliwahi kunijua. Akainamisha kichwa. Akasema ndani ya wiki hiyo atatoa toleo jingine.

Jumanne mama akataka kuusikia wimbo. Alikuwa ameketi na sinia la mrenda mapajani, anachambua majani. Nikamwekea kwenye simu, nikipanga kuuzima kabla ya ubeti wa tatu. Maziwa yakataka kumwagika, nikakimbilia jikoni. Niliporudi, mrenda ulikuwa sakafuni na mama ameishika simu kwa mikono miwili, ameibana sikioni.

"Kumbe mlikuwa mmemrekodi," alisema. "Kumbe yuko."

Baba hakuwahi kurekodiwa popote. Masikio ya mama si kama ya zamani, na spika ya simu yangu hukwaruza. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, nafasi ndefu kabisa, wimbo ulikuwa umebakiza dakika sita. Nikamtazama uso wake.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni yeye."

Jioni hiyo nilimwandikia rafiki yangu aache wimbo ulivyo. Akanijibu kwa moyo mwekundu, akidhani nimemsamehe. Sikumjibu, na hasira yangu yote ilibaki nami, sasa haina hata mahali pa kwenda.

Jumapili mama alinyakua simu yangu akaenda nayo moja kwa moja kwa wale wazee wanne wa besi, nje ya kanisa. Nilimkimbilia nikiwa nimechelewa. Walikuwa tayari wamekutanisha vichwa juu ya simu. Waliimba bega kwa bega na baba tangu sijazaliwa. Hakuna wa kuwadanganya. Sauti ilipoingia, mkubwa wao alinitazama, kisha akamgeukia mama.

"Ndiye, mama," alisema. "Ndiye kabisa."

Mama akajifuta macho, akaenda kuwasikilizisha akina mama wenzake. Nilitaka kuwaeleza wazee: kile kiapo, zile ngazi, maziwa, yote. Lakini mama alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, amechangamka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi.

"Sisi tulifunga vinywa kwa ajili yake, mtoto wetu," mkubwa wao aliniambia kwa sauti ya chini. "Jumamosi tatu. Kumbe mlikuwa mmetafuta mwingine."

Wakaingia ndani mmoja mmoja. Nikawafuata, kwa sababu bila kinanda ibada haianzi.