D Ilikuwa Sebule ya Wageni

Nilikana kwa muda mrefu, sasa naungama: kompyuta yangu haikuwa imezeeka. Ilikuwa imejaa upande mmoja. Diski yake imegawanywa sehemu mbili, C na D, na mimi, mwenye shahada mbili zilizotundikwa ukutani, nilirundika kila kitu C kama mtu anayelala jikoni. D niliitunza kama sebule ya wageni: haikaliwi, haikanyagwi. Humo niliweka kitu kimoja tu cha heshima: sauti ya bibi yangu mzaa mama, niliyoirekodi kijijini kwetu Kinole kabla hajafariki, akisimulia mashamba ya ukoo wetu, nani alipewa mteremko upi na kwa nini.

Siku nilipoanza kuyaandika masimulizi hayo yawe kitabu, kompyuta ikagoma kuhifadhi hata ukurasa mmoja. C haina nafasi. Nikampigia mdogo wangu, anayefundisha Mzumbe.

"Dada, peleka kwa fundi."

"Fundi wa nini? Nafasi iko tele kule D. Naipunguza D, naiongezea C."

"Haya, mama teknolojia. Ukimpoteza bibi, Kinole utapanda kujieleza kwa mama mwenyewe."

Nikaipunguza D nusu. Nafasi ikapatikana, lakini amri ya kupanua C ilikuwa imefifia, haibonyezeki. Nikaitukana mashine kwa Kiluguru, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza cha chuo. Ndipo nikautazama vizuri mchoro wa diski: C, kisha D, kisha ile nafasi tupu, ng'ambo ya D. Nikacheka peke yangu. Mtoto wa milimani nilipaswa kujua. Shamba hulipanui kwa kuruka la jirani. Kipande kipya sharti kipakane na lako. Ili C ipate ardhi, D yote ilibidi ing'olewe, na bibi alikuwa ndani yake.

Nikashuka mjini kununua diski ya nje. Nikanakili sauti zote, nikaichomoa diski, nikaichomeka tena, nikazisikiliza kutoka humo moja moja mpaka chai ikapoa. Kisha nikaifuta D, jicho moja nimelifumba. C ikapanuka. Nikatengeneza D mpya, ndogo, nikamrudishia bibi chumba chake, na ile diski ya nje nikaifungia kabatini ikiwa na nakala ya sauti zile. Jioni hiyo nilikwenda kununua vitunguu nikitembea kama niliyeteuliwa kuwa balozi. Muuza vitunguu hakugundua.

Niliporudi, simu ikaita. Mdogo wangu, msaliti, alikwisha kumwambia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia umemfuta mama yangu."

"Nimemhamisha tu, mama."

"Kwetu mtu akihamishwa, wenyewe huambiwa. Yuko wapi?"

Nikaisogeza simu kwenye spika, nikabonyeza. Jogoo akawika, bibi akakohoa, kisha akaanza kama alivyoanza siku ile, kwa kunigombeza: "Zima hicho kidude, mjukuu wangu. Kitakula maneno yangu."

Kule Kinole mama akacheka, kicheko kilekile cha bibi.

"Mwambie hakikula," akasema. "Haya, niachie niendelee kumsikiliza."