Turubai la Salvina

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Salvina aliamka kabla ya kuku, akachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akamwekea mumewe bakuli juu ya boneti ya lori. Walikuwa wakila hapo tangu mvua zilizopita. Meza ya ndani ilikuwa imejaa turubai.

"Mwangaluka, Baba Asteria."

"Mwangaluka."

"Umelala?"

"Nimelala. Wewe vidole vilikuwa vinashona usingizini."

"Nilikuwa nakushona mdomo," akasema Salvina. "Unakoroma kama injini iliyokosa plagi moja."

Bujiku akatafuna michembe yake. Kule Mwadui jua lilikuwa linapanda nyuma ya vilima vya mchanga wa mgodi. Ukiviangalia kutoka Maganzo saa ile, vilima vile ni kama ng'ombe weupe waliolala wakicheua. Salvina alikuwa na uzi mdomoni. Kuku walikuwa chini ya magurudumu. Baadaye Bujiku alijaribu sana kukumbuka kama alimwambia mkewe neno lolote la maana asubuhi ile. Alikumbuka kwamba michembe ilikuwa na karanga.

Lori lenyewe lilikuwa Bedford la jeshi, la vita ya Hitla. Baba yake Salvina, mzee Marselino, Msumbwa wa Ushirombo, alichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, akiwa kijana, akafundishwa udereva, akapelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Alirudi na koti moja na kikohozi. Mgodi wa almasi ukamwajiri kuendesha malori yale yale ambayo jeshi lilikuwa limeyauza vita ilipoisha. Salvina alikulia huko nyuma ya lori, chini ya turubai, katikati ya magunia. Kisha mzee akafa, malori yakakatwa vyuma chakavu, na msichana akaolewa na Bujiku.

Bujiku hakuingia darasani hata siku moja. Ng'ombe wa baba yake walikuwa wengi kuliko watoto. Salvina ndiye aliyekuwa na kazi ya mikono: miaka thelathini alishona viti na maturubai ya malori pale kando ya barabara ya Maganzo. Madereva wa Mwanza walimjua, wa Kahama walimjua.

Siku moja alikwenda kununua maturubai ya zamani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kilichofungwa. Alirudi jioni, hakugusa ugali.

"Nimeona gari la baba," akasema.

"La baba yako kabisa?"

"Ndugu yake."

Mti ulikuwa umeota ndani ya kabini, ukatokea dirishani. Bujiku alikwenda akalitazama, akalizunguka kama mtu anavyomzunguka fahali mnadani, akapigapiga ubavu wake. Hakuuliza la kufanyia nini. Alitoa mitamba wawili, lori likavutwa mpaka nyumbani. Majirani wakapata la kusema.

"Mzee Bujiku, wenzako huoa kwa ng'ombe. Wewe umeoa lori."

"Hili haliombi ruhusa ya kwenda kwao," Bujiku akawajibu.

Miaka kumi na mmoja ikapita hivyo. Salvina alilala chali chini ya chesisi, miguu tu ikionekana, na Bujiku akikaa kwenye kigoda akimpa spana. Spana hakuzijua kwa namba. Alizijua kwa sura, kama anavyojua ng'ombe. "Nipe ile yenye kovu," Salvina angesema, naye angempa. Siku za mvua walikaa wote wawili ndani ya kabini bila kwenda popote, maji yakiteremka kwenye kioo, na Bujiku akiona kama nchi ndiyo inayotembea nje, polepole, wao wametulia.

Injini ilitoka Geita, huko Nyarugusu. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wameifunga kwenye karasha, inawasagia mawe, hawajui ilitoka kwenye gari gani. Salvina alikaa nao siku tatu akiwabembeleza. Mwishoni walikubali kubadilishana na injini mpya ya dizeli, wakamsindikiza mpaka barabarani wakimwita Bibi Bedford. Maduhu, fundi kutoka Shinyanga mjini, akaja Jumapili kwa Jumapili mpaka injini ikawaka. Moshi ukawafunika wote. Maduhu akafungua mlango wa kabini, akainama kama mtumishi wa harusi.

"Panda, Mama Asteria."

"Sipandi."

"Miaka yote hii, leo hupandi?"

"Lori la jeshi bila turubai ni ng'ombe aliyechunwa. Wewe ulishaona mtu kapanda ng'ombe aliyechunwa?"

Basi likabaki turubai. Alitaka apande nyuma, chini ya turubai, kama zamani, aende mpaka geti la Mwadui na kurudi. Hiyo tu. Alilishona kwa mkono, kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, miezi minane. Ili lisipitishe maji alikuwa akilipaka nta. Mwalimu wa dini alimwekea vipande vya mishumaa vilivyobaki kanisani, naye alivichemsha na mafuta ya taa, kwa kipimo alichokijua mwenyewe. Alikuwa amepaka upande mmoja tu.

Asubuhi ile, Jumanne, michembe ilipokwisha, alisimama achukue bakuli. Akakaa tena. Akasema pumzi imemkimbia.

Asteria, binti yao, alikuja na gari, wakampeleka hospitali ya Kolandoto. Daktari alisema moyo umechoka. Alisema taratibu, akimtazama Bujiku, na Bujiku akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya mvua. Kitandani Salvina alisema jambo moja tu.

"Baba Asteria, mvua inakuja. Turubai lisilowe."

"Halitalowa."

Bujiku akarudi nyumbani kutimiza neno lake. Akaitazama mishumaa. Nta kiasi gani, mafuta kiasi gani, moto wa namna gani, hakujua. Mkewe alikuwa anahema kwa shida. Angemwuliza vipi habari za mafuta ya taa? Ndipo alipoikumbuka ngozi ya marehemu mama yake, ile aliyokuwa akijifunika akiwa mtoto. Mama yake aliipaka samli kila mwaka. Ngozi ile ilinyeshewa masika yote na haikupasuka.

Akatoa vibuyu viwili vya samli. Siku mbili alipaka, kwa viganja, mshono kwa mshono, kila mahali shazia la mkewe lilipopita. Turubai likawa laini, likang'aa, likanukia zizi. Alifurahi. Kwa miaka kumi na mmoja hilo ndilo jambo la kwanza alilolifanyia lori bila kuambiwa. Akalikunja vizuri, akaliweka ghalani, juu ya mtama, mahali pakavu.

Akarudi Kolandoto, akalala kwenye benchi siku kumi.

"Nimelipaka," akamwambia.

Salvina akatabasamu. Hakuuliza limepakwa nini.

Daktari alipowaambia wamrudishe nyumbani akakae na watu wake, Bujiku alitangulia kwa siku moja. Alimwita Maduhu wakafunge turubai. Wakalikunjua uani. Panya walikuwa wamekula popote palipoingia samli, na samli ilikuwa imeingia kila mahali. Matundu yalikuwa kama ya chekeche. Kwenye kona moja vitoto vya panya, vyekundu, vilikuwa vimelala bado.

Maduhu alinusa vidole vyake.

"Mzee, umelipaka nini?"

"Samli."

Maduhu akatazama pembeni kwa muda. "Mzee wangu," akasema, "hata mimi ningelila."

Bujiku hakucheka. "Kulishona upya ni muda gani?"

"Kwa mkono? Hata tukiwa wengi, miezi miwili, mitatu."

"Hana."

Maduhu akasema kwa sauti ndogo, "Nimwambie injini imegoma? Nikisema mimi ataamini. Hatakuja hata kuliona."

Bujiku alifikiri juu ya hilo. Lilikuwa jepesi, na Salvina angekufa akiamini turubai lake ni zima. Lakini angekufa hajapanda.

"Funga," akasema.

Kesho yake Asteria alimleta mama yake. Salvina alikuwa mwepesi kama mtoto aliyeugua surua. Bujiku alimpokea kwenye geti la miiba, wala hakusubiri aketi.

"Mama Asteria, turubai limeliwa na panya. Nililipaka samli. Mishumaa sikuijua."

Salvina alitazama lori. Alitazama muda mrefu, mpaka Asteria akaanza kulia kimyakimya. Kisha akaweka mkono begani kwa mumewe.

"Nipandishe."

Wakampandisha nyuma, juu ya godoro, Bujiku akapanda naye. Maduhu akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikashika. Lori likatoka Maganzo polepole, watu wakiacha biashara zao kutazama, likashika barabara ya Mwadui.

Ndani hapakuwa na upepo. Kulikuwa na harufu ya samli na petroli. Jua lilikuwa limesimama juu, nalo lilipita kwenye kila tundu, mamia ya mianga midogo, na lori lilipotikisika mianga yote ilitembea pamoja: juu ya godoro, juu ya khanga ya Salvina, juu ya paji la uso wake, ikashuka, ikarudi. Vumbi likaingia, na kila mwanga ukawa uzi mrefu uliofungwa juu na chini. Bujiku hakuona barabara. Aliona kama wamo tumboni mwa kitu kikubwa kinachopumua, kinachowapeleka mahali bila haraka. Lakini kila tundu alilolitazama lilimchoma.

"Kesho nitaanza kuyaziba," akasema. "Moja moja."

Salvina alikuwa amekinga kiganja, mwanga umekaa ndani yake kama punje ya mtama. Alikuwa amebakiwa na siku nne, ila hapo hakuna aliyejua. Akakifunga kiganja, akakifungua, mwanga ukawa bado upo. Akasema:

"Usiyazibe, Baba Asteria. Nilipokuwa mtoto humu ndani palikuwa giza tupu, nilikuwa nalia mpaka tufike."