Rege ya Rasta Kipara

Kaka yangu hana hata unywele mmoja kichwani, lakini kiwandani walimwita Rasta. Baadaye mtu mmoja akaongeza Kipara, jina likamganda.

"Rasta Kipara, leo wamepiga nini huko ng'ambo?" walimuuliza kila asubuhi. Yeye alicheka, akainua kidole gumba, akaenda kuwasha mashine yake.

Tunafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mbao. Yeye ni fundi wa randa. Mbao inaingia upande wake ikiwa na miiba, inatoka upande wangu ikiwa laini, nami naipokea na kuipanga. Mashine ile ina kelele ya kumtoa nyoka pangoni. Huwezi kuzungumza na mtu karibu nayo, na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno, tumeelewana vizuri miaka yote hiyo. Kaka aliingia pale kijana, na haijatokea siku hata moja tukapewa kitu cha kuziba masikio. Wengine walijitilia pamba. Kaka alisema pamba inamwasha.

Mapenzi ya rege yalimpata ukubwani, kama surua. Zamani alikuwa mtu wa dansi, zile nyimbo za magitaa membamba na maneno marefu, na alizijua mstari kwa mstari. Halafu akaziacha ghafla, bila kusema kwa nini. Binti yake akamwekea kwenye simu programu ya redio za mtandaoni, akamwonyesha jinsi ya kutafuta stesheni. Kaka akaizunguka dunia nzima kwa kidole, mwisho akatia nanga kwenye rege. Kulikuwa na stesheni ya kisiwa fulani ambacho jina lake linanishinda. Nyingine ilikuwa ya mzee mmoja wa nchi ya baridi, ambaye kwenye picha yake amevaa kofia ya sufu na nyuma yake kuna masufuria. Huyo ndiye kaka aliyempenda kuliko wote, kwa sababu alipiga muziki mfululizo bila porojo.

"Redio za hapa ni matangazo ya sabuni na ubishi wa mpira," alisema.

Akirudi kazini alikaa kwenye benchi nje ya mlango wake, hedifoni masikioni, kiganja kifuani, macho kayafumba.

"Baba watoto, chakula!" mkewe aliita kutoka ndani. Kimya. "Baba watoto!" Kisha akanigeukia mimi: "Shemeji, hebu mguse huyo ndugu yako, ameshafika Jamaika."

Tulicheka sana kwa maneno hayo.

Jumapili moja nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi lile. Alikuwa akisikiliza, ghafla anakunja uso, anatikisa simu. "Mtandao umekata." Kidogo tena: "Umerudi." Kidogo tena: "Umekata. Sasa mtandao gani huu, wimbo mmoja unakatika kama uzi mbovu?"

"Labda bando linakwisha," nilisema.

Alichomoa kipande kimoja cha hedifoni, akanipa. "Sikiliza mwenyewe."

Nilipokitia sikioni, sauti ilinipiga kama kofi. Nikavumilia. Besi ilikuwa inakwenda nzito, ngoma ikiifuata, mwimbaji juu yake. Halafu besi na ngoma vikanyamaza, kama wanavyofanya watu wa rege, wakabaki gitaa na mwimbaji peke yao, sauti safi kama maji ya mtungi.

"Umeona?" alisema kaka. "Umekata."

Mwimbaji alikuwa katikati ya ubeti.

"Kaka," nilisema, "anaimba."

"Nani?"

"Huyu mtu. Hajaacha kuimba."

Aliutazama mdomo wangu. Kisha akachomoa kipande kilichobaki cha hedifoni, akakizungusha kwenye vidole.

"Besi naisikia," alisema. "Besi na ngoma. Naisikia hapa." Akajigonga kifua. "Vingine sijui viliondoka lini."

"Shemeji anajua?"

"Akijua yeye, mtaa umejua. Na mtaa ukijua, kiwanda kimejua. Wewe umewahi kuona wapi fundi wa randa kiziwi? Watanitoa kwenye mashine siku hiyo hiyo, na pale ukitolewa kwenye mashine umetolewa getini. Nyamaza tu, mdogo wangu. Kunyamaza si ndiyo kazi yako?"

Fundi wa randa anafanya kazi kwa sikio. Mbao ikiwa na msumari ndani, mashine inabadili mlio, nawe unazima kabla kisu hakijaruka. Tangu siku ile nilianza kumwangalia, nikaona anaegemeza paja lake kwenye meza ya mashine. Alikuwa anausikia mlio kwa mfupa.

Tukaenda hivyo hadi alipoletwa msimamizi mpya, kijana mwepesi wa hasira ambaye hupenda kuita watu akiwa nyuma yao. Alimwita kaka, kaka hakugeuka. Alimuuliza kama mbao za milango zimekwisha, kaka akamjibu, "Salama, bosi, wewe je?" Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Macho ya kaka ni mekundu kwa vumbi la mbao, kama yetu sote. Lakini sisi wengine hatusikilizi rege.

"Rasta Kipara leo kavuta mpaka kasahau jina lake," walisema. Na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tukaitwa ofisini, yeye kwa kosa lake na mimi kwa udugu wangu.

Mama mwenye kiwanda alikuwa nyuma ya meza. Alimtazama kaka usoni, na nikashukuru, maana kaka aliweza kuuona mdomo wa mama.

"Baba, nimekuheshimu miaka yote hii. Unavuta bangi?"

Kaka alinyamaza. Msimamizi, aliyesimama dirishani nyuma yetu, akadakia: "Sikio la kufa halisikii dawa, mama. Wewe fundi, si unaulizwa!"

Kaka hakugeuza hata shingo.

"Unaiona dharau hiyo, mama?"

"Kama si bangi, basi ni nini?" mama akauliza. "Niambie. Mtu mzima anaitwa jina lake, anaendelea na yake?"

Niliona kaka anafikiri. Huyu ni mtu ambaye hata sigara ya jirani humkohoza. Nikafungua mdomo, na pale pale kiatu chake kikanikanyaga vidole.

"Ni bangi, mama," alisema. "Nisamehe. Nitaacha."

Mama alishusha pumzi. Akasema anampa nafasi ya mwisho kwa ajili ya watoto wake, ila rege iishe, nyumbani na kazini, kwa sababu huko ndiko yanakoanzia. Na yeye mwenyewe mama atampigia simu mke wa kaka, ili kaka achungwe pande zote mbili.

Tulipotoka nilimshika mkono, nikasimama mbele yake. "Kwa nini, kaka?"

"Mvutaji akiahidi kuacha, anasamehewa. Kiziwi ataahidi nini?"

"Na yule akikuita tena?"

"Utanigusa."

"Na msumari?"

Alikuwa ameshageuka.

Tulikuta simu imetutangulia nyumbani. Shemeji hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alinyoosha kiganja, kaka akaiweka simu yake pale, naye akampa binti. "Futa hayo madude yote."

Kaka aliketi kwenye benchi, ametugeuzia mgongo. Binti alifuta, huku akisema kwa sauti kubwa, "Mzee mzima, mvuta bangi. Mimi shuleni nitauficha wapi uso wangu? Bora nisingekuwa na baba." Mama yake hakumkanya. Binti akamalizia, akaipitisha simu juu ya bega la baba yake.

Kaka aliona mkono, akageuka, akatabasamu.

"Ahsante, mwanangu," alisema.

Binti alidhani anakejeliwa. Alimtazama baba yake namna ambayo sijawahi kuona mtoto akimtazama mzazi, akaingia ndani, akaubamiza mlango.

Benchi lilitikisika. Kaka akanigeukia.

"Kuna mtu anagonga?"

Nikamwambia hapana.